Kamati Yanichagulia Pikipiki, Miguu Haifiki Chini

Mpendwa Mama Zilpah,

Naomba msaada wako, na naomba upesi, kwa sababu gazeti hili hutoka Ijumaa, na Jumapili ya mwisho wa mwezi huu ndiyo siku niliyopangiwa kuaibika mbele ya kanisa zima, na usiponijibu kabla ya hapo utazisoma habari zangu katika ukurasa mwingine wa gazeti hili hili, ule wa ajali.

Mimi ni mkunga, Mkenya, nilikuja Juba mwaka mmoja baada ya amani kutiwa sahihi, nakaa mtaa wa Hai Malakal hapa hapa Juba, na kazi yangu ni kuwazungukia akina mama wa Gurei, wale wanaokaribia kujifungua na wale waliokwisha kujifungua, na siyo Gurei ya barabarani hiyo unayoijua wewe, ni Gurei ya ndani kabisa, ng'ambo ya khor, ule mkondo ambao jua likiwaka ni mchanga mtupu na mvua ikinyesha unajaa maji. Siku za jua napanda boda na hakuna neno, lakini mvua ikinyesha tu waendesha boda wa hapa kwetu wanatazama mawingu, wanatazama matairi yao, kisha wananiambia, "Gurei? Mafi, sister," yaani hakuna safari, na mimi nabaki nimesimama na mkoba wangu wa kazi kichwani. Juzi juzi nilikwenda kwa miguu, viatu mkononi, nikafika kwa mama mmoja nikamkuta ameshajifungua, jirani ameshamkata mtoto kitovu, mtoto analia kwa nguvu zake zote, na watu wakanicheka jinsi nilivyojaa matope wakanipa chai. Mama Zilpah, nilikunywa chai lakini sikucheka, nilirudi nyumbani nikiwaza ingekuwaje kama mtoto yule angetanguliza miguu. Na sasa yuko Nyakuma, huko huko ng'ambo ya khor, mimba yake ya kwanza, mumewe anafanya kazi kwenye meli za mizigo zinazotoka bandarini kwenda Malakal na hajulikani atarudi lini, na kila nikimpima ananishika mkono ananiuliza, "Ita bi ja?" utakuja? nami namjibu nitakuja, na moyoni sijui nitakuja na nini.

Kosa langu lilikuwa kulisema jambo hili kanisani. Hata sikuomba pikipiki, naapa, nilisimama tu wakati wa maombi nikasema niombeeni usafiri, na wewe unawajua watu wetu, sisi Wakenya na Waganda tuliokusanyika huku ugenini, ukituambia una mafua tunaunda kamati, na mafua yakipona kamati inabaki. Kabla ya amina ya mwisho alikuwa amekwisha kupatikana mwenyekiti, Mzee Wafula, Mkenya mwenzangu, mtu wa benki, anayevaa suti kamili hata katika jua hili, na mweka hazina, Mama Namutebi, Mganda mwenye duka la soda za jumla kule soko la Konyo Konyo, ambaye akicheka dukani unamsikia ukiwa barabarani, na kukaundwa pia kamati ndogo ya helmeti. Harambee ikafanywa, kwaya ikaimba, kuku mmoja akanunuliwa akarudishwa akanadiwa tena mpaka mwenyewe akachoka akalala, na pesa zikatimia, na mimi nikalia mbele ya watu kwa furaha, maana sina ndugu wa damu hata mmoja katika mji huu, na siku ile niliona ninao.

Kumbe pikipiki ikichangiwa na watu wote inakuwa ya watu wote isipokuwa mpandaji. Mzee Wafula na Wakenya wanataka ile ndefu, aina ya mashirika, yenye matairi ya meno na kiti kilichokaribia paa, kwa sababu anasema kwao ndiyo aliyopanda bwana kilimo, na bwana kilimo akipita watu walisimama, na mkunga wa ushirika wetu hawezi kuonekana juu ya boda kama mtu anayetafuta abiria. Mama Namutebi na Waganda wanataka ile ya Kihindi, mpya, wanayopanda boda wa Kampala, yenye kiti kirefu na keria ya chuma, kwa sababu spea zake ziko kila kona, na pia, hili alilisema kwa sauti ya chini ambayo kwake ni nadra, kwa sababu nikitoka Gurei ninaweza kupitia dukani nikawapelekea wateja wake kreti mbili tatu za soda. Sasa ni Jumapili kadhaa Wakenya wanakaa upande wao na Waganda upande wao, na mchungaji akisema tupeane mkono wa amani watu wanapungiana kwa mbali.

Mimi ni mfupi, Mama, sitakuficha. Siku ile ndefu ilipoletwa tuijaribu nilipandishwa na wanaume wawili, na miguu yangu ikaning'inia huku na huku kama ya mtoto aliyekalishwa kwenye kiti cha wageni, nikasema kwa adabu, "Mzee, miguu haifiki chini." Mzee Wafula akanitazama kwa huruma, akasema, "Dada, miguu ya dereva kazi yake ni kukaa juu ya pikipiki, siyo chini. Na mchagua jembe si mkulima." Watu wakacheka, mimi nikacheka, nikashushwa. Ile ya Mama Namutebi vidole vinafika ila visigino havifiki, na nilipomwambia akasema, "Utazoea, mwana wange, hata mimi viatu vya harusi vilinibana." Kisha akaniuliza kama nitapanda nikiwa nimevaa gauni, maana suruali hataki kuiona kwa mwanamke wa kanisa. Helmeti nayo imeshanunuliwa, ilipimwa kwa kichwa cha mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, na mimi nikigeuza shingo yenyewe inabaki ikitazama mbele.

Wakati kamati inabishana, mimi nilikwenda kimya kimya kwa Mogga nikamwomba anifundishe kuendesha. Mogga ni mwendesha boda wa steji ya hapa Hai Malakal, mwenyeji wa Juba, Kiswahili alikipata Uganda wakati wa ukimbizi, na pikipiki yake ni ndogo, ya zamani, ilikuja kwa meli kutoka Khartoum kabla ya yeye kujua kuendesha, na imekaliwa na watu wengi hata kiti kimeshuka chenyewe. Juu ya hiyo, Mama Zilpah, visigino vyangu vyote viwili vilikanyaga ardhi. Ananifundisha kwenye uwanja wa karibu na bandari, na wapagazi wanaoshusha magunia wananipigia makofi kila nikiondoka bila injini kuzimika, na makofi hayo yamekuwa mengi siku hizi. Vioo haina, Mogga alivitoa kwa sababu vinagonga watu sokoni, na breki ya mbele nilipomwuliza alinijibu, "Ya mbele mafi, sister, lakini ya nyuma iko." Sasa anataka kuniuzia. Anasema, "Hii pikipiki inajua wewe. Ile ya kanisa haijui wewe." Na mimi nimeanza kumwamini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mzee Wafula alitangaza darasa la nadharia, na kwa kuwa mwanafunzi nilikuwa mimi peke yangu kamati nzima ikaja kunitazama, akachora barabara ubaoni, akapanga vifuniko vya soda mezani vikawa magari, akanifundisha kwa muda mrefu na kwa upendo mkubwa kutoka katika kitabu cha sheria za barabarani alichokisoma akiwa kijana kwetu Kenya, na kanuni ya kwanza ilikuwa shika kushoto, na ya pili ilikuwa usisahau ile ya kwanza. Nilifaulu. Walinipigia makofi. Kesho yake nikiwa na Mogga tukatoka uwanjani tukaingia barabarani kwa mara ya kwanza, yeye nyuma, mimi mbele, na nikashika kushoto jinsi nilivyofundishwa. Miaka yote hii Juba nimekuwa nyuma ya boda nikiwaza wagonjwa wangu, sikuwahi kujiuliza tuko upande gani wa barabara, na magari mengi ya hapa yametoka Kampala na Mombasa, usukani uko pale pale ulipo kwetu. Basi nikaona lori la maji linanijia uso kwa uso. Nikasema moyoni, dereva huyu amelewa mchana. Nikampigia honi! Watu wa kando ya barabara wakainua mikono wakapiga kelele, "Yamin! Yamin!" kulia, kulia, nami nikawashukuru kwamba wanamwonya mlevi yule. Lori lilisimama karibu kiasi kwamba niliona mavumbi kwenye taa zake, nikageuka kumwuliza Mogga kulikoni, nikamkuta ameshashuka zamani, amesimama kwenye mtaro. Dereva akateremka, akashika kiuno, akaniuliza, "Ya sister, ita ja min wen?" unatoka wapi. Nikamwambia Kenya. Akasema, "Aiwa," yaani ndiyo, akatikisa kichwa, akarudi ndani ya lori, kana kwamba nimekwisha kueleza kila kitu.

Sijamwambia Mzee Wafula. Nitamwambiaje? Jumapili hiyo pikipiki zote mbili zitaletwa uani kwa kanisa baada ya ibada, watu watapiga kura kwa kunyoosha mikono, na itakayoshinda nitaipanda pale pale nizunguke kanisa huku kwaya ikinifuata. Nikikataa, wataniona nina kiburi na ushirika utavunjika kwa ajili yangu. Nikikubali, nitaanguka. Nikikimbilia ya Mogga, nitakuwa nimewatemea mate walionichangia. Na mvua imeanza, na Nyakuma amekuwa mzito. Nipande ipi, Mama Zilpah?

Wako,
Miguu Juu, Hai Malakal.

*

Miguu Juu, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kucheka na mara ya pili kwa kuogopa. Na kabla sijasahau: umelificha jina lako vizuri sana, kisha ukataja mtaa, kazi, kanisa, mwenyekiti, duka la mweka hazina na kuku. Kama kuna mtu Juba ambaye hajakujua, basi ameingia leo asubuhi kwa basi la Kampala. Haidhuru. Mimi nitajibu kwa sauti, na wanaohusika wasome.

Kwanza nikupe pole, na nikupe hongera. Kuna watu wamekaa ugenini miaka mingi na hawajawahi kuchangiwa hata sahani ya wali. Wewe umechangiwa pikipiki. Watu hao wanakupenda, usiwaache kwa sababu ya kelele zao.

Sasa nikugombeze kidogo. Kosa lako siyo kulisema jambo kanisani. Kosa lako ni kwamba tangu ulipolisema hujasema tena. Ulisema "miguu haifiki" mara moja, ukapigwa methali moja, ukacheka, ukanyamaza. Karibu ugongwe na lori la maji, na badala ya kumwambia mwenyekiti umeniambia mimi. Mwanamke anayemwambia mama mwenye uchungu "sukuma" na akasukuma, anashindwaje kumwambia mtu wa benki "hapana"?

Na methali ile aliyokupiga mzee nitamrudishia kwa heshima zote. Ni kweli mchagua jembe si mkulima. Lakini hapa jembe linachaguliwa na watu ambao hawataingia shambani. Mzee Wafula aliwahi kumwona bwana kilimo akipita, hakusema popote kwamba aliwahi kupanda. Aisifuye mvua imemnyea, na huyu mvua anaisifia akiwa dirishani. Kwa hiyo Jumapili, kabla ya kura, simama mbele ya watu, tabasamu, useme hivi: "Mzee wangu, kwa kuwa wewe ndiwe mwalimu wangu, naomba unionyeshe mfano." Mwachie ile ndefu apande. Nina hakika suti itatoa udhuru. Usimcheke, mpe mkono, na pikipiki ile irudi ilikotoka bila kura yoyote.

Hilo la kushika kushoto mwambie leo, usingoje Jumapili, na mwambie faraghani. Mzee alikufundisha kwa moyo safi sheria nzuri kabisa ya nchi nyingine. Wengi wetu tumefanya hivyo huku, tumefunga mizigo tukabeba hadi upande wa barabara. Ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho lako. Huku ni kulia, mwanangu, kulia asubuhi na kulia jioni, na funga kitambaa kwenye mkono wa kulia wa usukani mpaka mwili wako ukubali. Naamini mzee akisikia habari za lori atakaa chini. Ana moyo huyo, ila macho yake yamekuwa kwenye kitabu.

Tuje kwa Mogga. Namshukuru kwa visigino vyako. Lakini pikipiki ya mwalimu wako usiinunue, kwa sababu anakufundisha na anakuuzia kwa mdomo mmoja, na hutajua ni lini anafanya lipi. Kwamba "inakujua" ni vizuri. Je, itasimama? Breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha ukiwa unateremka kwenye khor, na ya kwake ni mafi. Endelea naye, mlipe masomo yake, mwambie arudishe vioo, na usishangae akishuka tena kabla yako.

Unaniuliza pikipiki ipi uipande. Mimi sijui urefu wako wala nguvu zako, kwa hiyo ujipime mwenyewe, mbele yao wote. Kaa juu yake ikiwa imezimwa: nyayo zako zote mbili ziguse chini, siyo vidole, nyayo. Shuka, isukume kurudi nyuma mpaka ukutani. Kisha, na hapa kwaya inyamaze, ilaze chini kwa ubavu, halafu uinyanyue peke yako bila mwanamume yeyote kukunja mikono ya shati. Kwa sababu itaanguka, Miguu Juu. Pikipiki ya kwanza ya kila mtu huanguka, na ya kwako itaangukia kwenye matope ya Gurei, ambako hakuna mwenyekiti. Usiyoweza kuinyanyua siyo yako, hata kama imelipiwa na dunia nzima.

Mimi nabashiri ile ya Mama Namutebi ndiyo itakayobaki. Siyo kwa sababu ya Waganda, waambie wasishangilie. Ni kwa sababu ni nyepesi, na ikikufia barabarani kila fundi wa Juba anaifahamu. Muulizeni muuzaji kama ipo iliyo ndogo zaidi ya aina hiyo hiyo. Kama haipo, chukua hiyo umpelekee fundi wa viti, apunguze sponji mpaka visigino vyako vikae chini kama watu wengine. Ni kazi ya nusu siku, na kamati nzima haikuifikiria kwa sababu walikuwa wanashindana kuhusu Kenya na Uganda.

Soda ni hapana. Mama Namutebi, dada yangu, nakuheshimu, nimekunywa soda zako nyingi, lakini mwanafunzi habebi kreti, wala habebi abiria, mpaka mvua hizi zipite. Na mtoto wa watu atavaa suruali. Avae gauni juu yake kama kanisa linataka gauni, lakini suruali iwe ndani na viatu vifunike vifundo vya miguu, kwa sababu bomba la moshi likigusa ngozi haliulizi dhehebu. Helmeti irudishwe dukani leo, ikapimwe kwa kichwa kitakachoivaa. Kamati ndogo iende nayo, angalau ipate kazi. Hakuna kuzunguka kanisa na kwaya nyuma, isipokuwa kwaya ikae mbali sana.

Sasa nikwambie lile lililoniogopesha. Katika barua yote umeniuliza kuhusu pikipiki, na mimi nimeisoma nikimtafuta Nyakuma. Hebu fikiri kama mkunga, siyo kama dereva. Khor ikijaa, hakuna pikipiki itakayokuvusha, siyo ndefu, siyo fupi, siyo ya bwana kilimo. Ukijaribu, wewe na pikipiki yako mtabebwa na maji, na Nyakuma atabaki anatazama mlango. Pikipiki hii ni ya kukufikisha ukingoni mapema. Pale ukingoni, kama huoni chini ya maji, unazima injini na unarudi. Hilo uliweke kichwani kabla ya gia ya kwanza.

Kwa hiyo Nyakuma asingojewe upande ule. Aletwe upande huu wakati maji bado yako magotini, na akae karibu nawe mpaka ajifungue. Unaniambia huna pa kumweka? Una kamati, mwanangu! Una mwenyekiti, mweka hazina na kwaya, watu ambao baada ya Jumapili hawatakuwa na la kugombania. Mama Namutebi ana stoo nyuma ya duka: kreti zitoke nje, kitanda kiingie ndani. Mzee Wafula asimame ukingoni na mwavuli wake, avue viatu vya benki, amshike mama yule mkono wa pili wakati wewe unamshika wa kwanza. Na Wakenya na Waganda wabebe vyombo vyake, wakae upande wanaotaka, mradi ni upande mmoja na yeye.

Walitaka kununua kitu cha heshima. Hicho ndicho.

Basi nenda Gurei kesho, na Mogga akupeleke kama mvua haijanyesha. Mwambie Nyakuma afunge vitu vyake. Najua atakushika mkono atakuuliza tena, "Ita bi ja?" na wewe umezoea kumjibu nitakuja, kwa mashaka, peke yako. Safari hii mjibu hivi, na ujibu kwa sauti hadi majirani wasikie: "Anina bi ja." Tunakuja sote.

Mama Zilpah